Ukanda wa Kijani wa Uingereza na Suala la Ardhi

Utangulizi

Yako mabishano katika nchi za kibepari ambayo kwa juu juu yanaonekana kama ugomvi wa majirani, kumbe ndani yake mna suala zima la nani anamiliki na nani ananyonywa. Moja la mabishano hayo ni lile la kupinga ujenzi wa nyumba nyingi katika ardhi inayoitwa ukanda wa kijani huko Uingereza. Kila mwaka, katika kumbi za vijiji vinavyozunguka London, Birmingham, Manchester na miji mingine, watu hukutana kupinga mpango wa kampuni fulani kujenga nyumba mia tano, au elfu tano, juu ya mashamba.

Magazeti ya huko huueleza ugomvi huu kuwa ni kati ya watu wanaopenda miti na watu wanaotaka nyumba. Wapo wanaosema kuwa kila anayepinga ni bwanyenye mchoyo asiyetaka jirani maskini. Wapo pia wanaosema kuwa kila anayepinga ni mtetezi wa nchi dhidi ya uroho wa makampuni. Sisi tunasema majibu yote mawili ni mepesi mno. Ili kujua kama upinzani fulani ni wa haki, haitoshi kutazama shamba litakalojengwa. Hapana budi kuuliza: bei ya ardhi hiyo ikipanda, ongezeko hilo litaingia mfuko wa nani? Hilo ndilo jambo tunalotaka kulieleza katika makala haya.

Ukanda wa kijani ni nini?

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Ukanda wa kijani si bustani ya umma, wala si hifadhi ya wanyama, wala si lazima uwe msitu. Ni eneo linaloizunguka miji ambalo, kwa mujibu wa mipango ya serikali, halijengwi ila kwa sababu za pekee kabisa. Sehemu kubwa yake ni mashamba ya watu binafsi. Mnamo mashamba ya ngano, malisho ya ng'ombe, misitu, mashimo ya kokoto na viwanja vya gofu vya matajiri. Mwananchi wa kawaida hana ruhusa ya kuingia katika sehemu nyingi za ukanda huo, isipokuwa kupita katika njia za miguu zilizowekwa.

Leo ukanda huo una takriban hekta milioni 1.6, yaani karibu sehemu moja kwa nane ya ardhi yote ya Uingereza, bila kuhesabu Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini. Ule unaoizunguka London ndio mkubwa kuliko yote, na peke yake una takriban hekta nusu milioni.

Yafaa hapa tusisitize jambo moja. Kuuweka ukanda wa kijani hakukuifanya ardhi hiyo kuwa mali ya umma. Kulimzuia tu mwenye ardhi asijenge. Tofauti kati ya kumzuia kabaila na kumwondolea ukabaila ndiyo kiini cha habari hii.

Chanzo chake

Wazo la kuuzungushia mji mashamba lilienezwa sana na Ebenezer Howard, aliyekuwa mwandishi wa hati za mkato huko London. Mwaka 1898 alitoa kitabu kilichoeleza miji-bustani. Mji wake ungekuwa na eka 6,000. Kati ya hizo, eka 1,000 zingekuwa za mji wenyewe na eka 5,000 za mashamba, na watu wangekuwa 32,000 hivi. Watu wengi wanakumbuka bustani na miti ya Howard, lakini wanasahau jambo lililokuwa kubwa zaidi katika mpango wake. Ardhi yote ya mji ingeshikwa kwa dhamana kwa niaba ya wakazi wote. Watu walivyozidi kuongezeka na pango la ardhi kupanda, ongezeko hilo lingelipia shule, barabara na matunzo ya wazee. Miji ya Letchworth, ulioanzishwa 1903, na Welwyn, ulioanzishwa 1920, ilijengwa kwa kufuata sehemu ya mawazo hayo.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, London ilitambaa kama moto wa nyika, ikifuata reli na barabara kuu. Wajenzi walinunua mashamba kwa bei ya chini na kuyakatakata kuwa viwanja. Mwaka 1935 Halmashauri ya London, iliyokuwa mikononi mwa chama cha Labour chini ya Herbert Morrison, ilitenga pauni milioni 2 kuzisaidia halmashauri za jirani kununua ardhi isijengwe. Sheria ya mwaka 1938 ikatia nguvu jambo hilo. Hapa tuone vizuri: hatua hii ya kwanza ilikuwa ni umma kuinunua ardhi, kwa lengo la kumpatia mfanyakazi wa mjini mahali pa kupata hewa safi siku ya mapumziko.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ndipo serikali ya Labour ilipochukua hatua kubwa zaidi. Mpango wa London Kuu, ulioandikwa na Patrick Abercrombie mwaka 1944, ulipendekeza ukanda mpana wa kuuzunguka mji, na nje ya ukanda huo miji mipya ya kupokea watu kutoka mitaa iliyosongamana. Sheria ya 1946 ikaruhusu miji mipya. Sheria ya mipango ya mwaka 1947 ikataifisha haki ya kujenga. Tangu siku hiyo, mwenye ardhi alibaki na ardhi yake kama ilivyo, lakini hakuweza kuigeuza kuwa nyumba au kiwanda bila kibali. Akipewa kibali, ongezeko lote la thamani, asilimia 100, lilitakiwa lilipwe kwa umma. Zikatengwa pauni milioni 300 za kuwafidia wale ambao wangeumia.

Siri ya bei ya ardhi

Kwa nini asilimia 100? Tuchukue mfano. Makadirio yaliyochapishwa na serikali ya Uingereza katikati ya miaka ya 2010 yalionyesha kuwa, nje ya London, hekta moja ya shamba ilikuwa na bei ya pauni 20,000 hivi. Hekta kama hiyo ikishapata kibali cha nyumba ilifikia karibu pauni milioni 2. Yaani bei imepanda mara 100.

Je, mwenye shamba amefanya kazi gani kuipandisha bei hiyo? Hakutia mbolea, hakuchimba mtaro, hakupanda hata mche mmoja. Udongo ni ule ule. Kilichoongeza thamani ni reli iliyojengwa kwa kodi za watu, ni shule, ni maji, ni kuwapo kwa mamilioni ya wafanyakazi wanaohitaji pa kulala, na mwisho ni karatasi moja iliyopigwa mhuri na halmashauri. Hiyo ni jasho la jamii nzima. Anayeitia mfukoni peke yake anavuna asipopanda.

Sheria ya 1947 iliufahamu ukweli huo, lakini iliuacha mzizi wa fitina: ardhi yenyewe ilibaki ya watu binafsi. Makabaila wakagoma kuuza. Wakakaa juu ya ardhi yao wakingojea serikali nyingine. Hawakungoja sana. Wahafidhina walirudi madarakani mwaka 1951, na mwaka 1953 wakaifuta tozo ile. Mwaka 1959 wakaamua kwamba hata umma unapoichukua ardhi kwa lazima, ulipe bei ya soko.

Na ni serikali hiyo hiyo, kupitia waziri wake Duncan Sandys, iliyotoa waraka wa mwaka 1955 wa kuzitaka halmashauri kote nchini ziweke kanda za kijani. Waraka ulitaja makusudi matatu: kuzuia miji mikubwa isitambae, kuzuia miji jirani isiungane, na kuhifadhi sura ya pekee ya mji. Basi hapo ndipo mambo yalipopinduka. Uzio ulibaki, lakini matunda yalirudishwa kwa mwenye shamba. Ardhi ya kujengea ikawa adimu kwa amri ya serikali, na faida ya uadimu huo ikawa ya mtu binafsi.

Labour walijaribu tena mara tatu. Walianzisha tozo mwaka 1967, sheria ya ardhi ya jamii mwaka 1975, na kodi ya ardhi ya ujenzi mwaka 1976. Zote zilifutwa na Wahafidhina: ya kwanza 1971, ya pili 1980, ya tatu 1985. Somo ni kuwa ukimkata kabaila kucha bila kumnyang'anya mkono, kucha huota tena.

Mapambano mawili

Tulinganishe sasa mapambano mawili ili tuone jinsi upinzani unaofanana kwa sura unavyoweza kutofautiana kwa maana.

La kwanza ni la Stevenage. Mwaka 1946 waziri Lewis Silkin alitangaza kuwa mji huo mdogo, ulio kaskazini ya London, utakuwa wa kwanza katika miji mipya. Wenyeji wengi walipinga kwa hasira. Silkin alipokwenda kuwahutubia alizomewa. Wapinzani wakabandika katika kituo cha reli jina la kubeza, "Silkingrad". Walikwenda mpaka mahakama ya juu kabisa, wakashindwa mwaka 1947. Uchungu wao hatuwezi kuudharau, kwani mkulima anayeondolewa shambani huumia, hata kama anayemwondoa ana nia njema. Lakini tutazame nini kilifanyika. Shirika la umma lilinunua ardhi kwa bei isiyotofautiana sana na ya shamba. Likajenga nyumba za kupangisha kwa familia za wafanyakazi, pamoja na viwanda, shule na maduka. Ardhi ilipopanda thamani, ongezeko lilibaki katika shirika hilo na kusaidia kuujenga mji.

La pili ni la Tillingham Hall, katika mashamba ya Essex mashariki ya London, ndani kabisa ya ukanda wa kijani. Mwaka 1985 makampuni makubwa ya ujenzi yaliungana na kuomba kibali cha kujenga hapo mji wa nyumba zaidi ya 5,000. Barabara kuu ya mzunguko wa London, M25, ilikuwa karibu kukamilika. Ilifunguliwa yote mwaka 1986, na wajenzi waliona dhahabu katika kila shamba lililo jirani nayo. Safari hii hapakuwa na shirika la umma. Faida ingekuwa ya mwenye ardhi na ya wajenzi.

Serikali ya wakati huo, ya Margaret Thatcher, ilikuwa ikihubiri soko huria asubuhi na jioni. Lakini wapiga kura wake waaminifu ndio waliokuwa wakiishi katika vijiji hivyo. Mwaka 1983 ilipotoa rasimu ya waraka wa kuulegeza ukanda, wabunge wa chama chake yenyewe walichachamaa, ikarudi nyuma. Na mwaka 1987 waziri Nicholas Ridley, pamoja na kuwa shabiki mkubwa wa soko, alikataa ombi la Tillingham Hall. Huo ulikuwa mgongano ndani ya tabaka la wenye mali wenyewe: wajenzi wanaotafuta faida ya kesho dhidi ya wenye nyumba wanaolinda thamani ya jana.

Wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Mashamba yalipona, nasi hatuoni sababu ya kusikitika kwa hilo. Lakini mfanyakazi asiye na nyumba alipata nini? Sheria ya 1980 ilikuwa imewapa wapangaji wa nyumba za halmashauri haki ya kuzinunua kwa bei ya punguzo, na tangu hapo karibu nyumba milioni 2 zimeuzwa katika Uingereza. Mwaka 1953 na 1954 halmashauri za Ufalme wote zilijenga zaidi ya nyumba 200,000 kila mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zikijenga mia chache tu kwa mwaka. Vyama vya nyumba vilijitahidi, lakini havikuliziba pengo hilo.

Nani anapinga?

Tukiwatazama wanaopinga leo tutaona kuwa si kundi moja.

Yupo mkulima mpangaji. Huyu hulima ardhi ya mwingine, na siku kabaila akiamua kuuza, yeye hupoteza kazi, makazi na mazoea ya maisha yake. Kwake kupinga ni kutetea jembe.

Yupo mwananchi wa mjini anayeona mbali. Anajua kuwa udongo mzuri ukishafunikwa kwa saruji haurudi, kwamba bonde lililojengwa hupeleka mafuriko kwa walio chini, na kwamba mtaa uliowekwa mbali na reli humlazimisha kila mkazi kununua gari. Shirika la kutunza mashamba na vijiji, Campaign to Protect Rural England, lililoanzishwa mwaka 1926, limekuwa likionyesha kuwa ardhi iliyokwisha kutumika mijini, kama viwanja vya viwanda vilivyokufa, ina nafasi ya nyumba zaidi ya milioni 1. Hoja hiyo ni nzito.

Yupo pia mwenye nyumba kubwa ambaye hasemi wazi kinachomsumbua. Anataja ndege na vipepeo, lakini anachokihofia ni bei ya nyumba yake kushuka na watoto wa wapangaji kuingia katika shule ya mtaa wake. Yeye alipohamia hapo, nyumba yake ilijengwa juu ya shamba la mwingine.

Na nyuma ya wote yupo kabaila mwenye sura mbili. Katika mkutano wa kijiji hukaa kimya. Ofisini amekwisha kutia sahihi mkataba na kampuni: kibali kikipatikana shamba litauzwa. Akishinda mjenzi yeye hutajirika, na akishinda mwanakijiji yeye hubaki na shamba lake na kungoja.

Asiyekuwapo ukumbini ni kijana anayelipa sehemu kubwa ya mshahara wake kwa pango la chumba kimoja. Makampuni hujifanya kumsemea. Lakini makampuni hayajengi haraka kiasi cha kushusha bei, kwani hakuna mfanyabiashara anayefanya kazi ya kujipunguzia faida. Huyatoa makazi sokoni kidogo kidogo.

Hali ilivyo sasa

Serikali ya Labour iliyochaguliwa Julai 2024 iliahidi nyumba milioni 1.5 katika muda wa Bunge moja. Mwezi Desemba mwaka huo ilitoa mwongozo mpya unaotambua "ukanda wa kijivu", yaani sehemu za ukanda wa kijani zilizokwisha kujengwa au zisizotimiza vizuri makusudi ya ukanda huo. Makampuni yanayojenga katika ardhi itakayotolewa yanatakiwa kutenga sehemu kubwa zaidi ya nyumba za nafuu, hadi asilimia 50, pamoja na huduma na maeneo ya wazi.

Masharti hayo ni bora kuliko kutokuwa na sharti. Hata hivyo tuyapime kwa kipimo chetu. Neno "nafuu" lina ujanja ndani yake, kwani tangu 2011 aina mojawapo ya nyumba hizo inaruhusiwa kutozwa pango la hadi asilimia 80 ya bei ya soko, na asilimia 80 ya kisichowezekana bado haiwezekani. Tena, sehemu kubwa ya ongezeko la thamani inaendelea kujadiliwa kati ya halmashauri isiyo na fedha na kampuni yenye wanasheria. Sheria ya 2023 iliyoruhusu umma, katika hali fulani, kuchukua ardhi bila kulipia matumaini ya kibali ni hatua ya kurudi kwenye njia ya 1946. Bado ni hatua ndogo.

Yanatuhusu nini?

Suala hili lilikwisha kubisha hodi kwetu. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilipendekeza kuingiza katika Tanganyika umilikaji wa ardhi wa moja kwa moja, ili ardhi inunuliwe na kuuzwa kama bidhaa. Mwalimu Nyerere alijibu kwa kijitabu alichokiita "Mali ya Taifa". Alionya kuwa katika nchi ya maskini, soko la ardhi litawafanya wachache wawe wenye nchi na wengi wawe wapangaji. Mwaka 1963 hati za umilikaji wa aina hiyo zilizokwisha kutolewa ziligeuzwa kuwa za kupanga kwa serikali. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inasema ardhi yote ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini. Kwa hiyo sisi tulianza pale ambapo Waingereza walishindwa kufika.

Lakini tusijidanganye kuwa sheria peke yake inatosha. Dar es Salaam ilikuwa na watu milioni 4.36 katika sensa ya 2012 na milioni 5.38 katika sensa ya 2022. Pembezoni mwa mji shamba la mihogo hukatwa viwanja kabla mpima hajafika, na dalali huvuna kile ambacho barabara ya umma imekileta. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi inasogelewa. Mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Msimbazi yalitukumbusha kwamba bonde halisomi hati za viwanja. Na waliokufa maji hawakuwa wachoyo, walikuwa watu waliokosa pengine pa kujenga.

Wala tusidhani kila eneo la wazi ni jema kwa sababu tu ni la wazi. Chini ya Waingereza uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kuwatenga Waafrika wa Kariakoo na mitaa ya Wahindi. Majani yalikuwa mabichi, lakini kazi yake ilikuwa ubaguzi. Eneo la wazi linapimwa kwa yule linayemhudumia.

Hitimisho

Kwa hiyo, tunapoulizwa kama ni haki kupinga ujenzi wa nyumba nyingi katika ukanda wa kijani, jibu letu si ndiyo wala hapana. Tunauliza kwanza. Ardhi hiyo ni ya nani leo, na itakuwa ya nani kesho? Ongezeko la thamani yake litarudi kwa jamii au litaingia mfuko wa mtu? Nyumba hizo atazimudu nani? Maji, shule na usafiri vitatangulia au vitafuata? Anayelima hapo sasa atakwenda wapi? Na anayepinga, ameonyesha mahali pengine ambapo mwenzake asiye na nyumba atalala?

Anayepinga mradi wa kabaila na mjenzi huku akidai nyumba za umma juu ya ardhi ya umma, huyo anapigania haki. Anayepinga ili mlango ufungwe nyuma yake, huyo analinda mali tu, hata akijifunika majani. Wazee wetu walisema penye miti hapana wajenzi. Katika nchi ya makabaila miti ipo na wajenzi wapo, na bado mvuja jasho hana nyumba. Kinachokosekana ni ardhi kuwa ya wote, kwa sheria na kwa vitendo. Sisi tunayo sheria hiyo tayari. Kazi iliyobaki ni kuilinda mtaa kwa mtaa na kiwanja kwa kiwanja, kabla dalali hajafika.